Mtikiso Mmoja, Koo Mbili

Mwaka 1892, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, daktari Jean-Martin Charcot aliwaeleza wasikilizaji wake jambo alilolisikia kwa wagonjwa. Wale wenye maradhi ya kutetemeka, ambayo leo huitwa ugonjwa wa Parkinson, walimwambia kwamba kila waliposafiri safari ndefu kwa gari moshi au kwa gari la farasi walishuka wakiwa na nafuu. Msafiri mzima hushuka amechoka na mifupa inamuuma. Wao walishuka viungo vimelegea, na usiku wakapata usingizi. Charcot alikuwa bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu, na jina lake lilivuma Ulaya nzima. Hakuwacheka wagonjwa wake. Alitengenezesha kiti kinachotikiswa na mota ya umeme, akawa anawaketisha humo kwa muda kila siku, kana kwamba wamo safarini. Mwanafunzi wake, Georges Gilles de la Tourette, alieleza baadaye juu ya kofia ya kutetemesha kichwa. Charcot alifariki mwaka 1893, na swali la kiti chake likabaki bila kufungwa.

Naanza na kiti hicho kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mashine za kutetemesha mwili, hizi zinazouzwa madukani na kuwekwa katika kumbi za mazoezi za mijini, ni uvumbuzi wa jana. Mtu hupanda juu ya bamba, hubonyeza kitufe, na bamba humtikisa kuanzia nyayo hadi kisogo. Muuzaji humwahidi kwamba mifupa itakuwa imara, tumbo litapungua, mgongo utapona na sukari itashuka. Mimi nimefundisha walimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika mambo niliyowasisitizia wanachuo ni hili: kitu kikiletwa kwa jina la kipya, kiulizwe kwao. Kilitoka wapi? Kilijaribiwa kwa nani? Kiliwafanya nini waliotangulia kukitumia? Mashine hii nimeiuliza kwao, nikakuta ina koo mbili. Ukoo mmoja ni wa matabibu. Ukoo wa pili ni wa wafanyakazi. Kwa muda mrefu koo hizo hazikutembeleana, na mtu mgonjwa anayetaka kujua kama apande au asipande hana budi kuzisikiliza zote mbili.

Tuanze na ukoo wa matabibu. Mwaka 1865 daktari Gustav Zander alifungua taasisi yake jijini Stockholm, Uswidi. Aliamini kwamba viungo vya mgonjwa vinaweza kufanyishwa mazoezi na mashine kwa kipimo kinachojulikana, badala ya kutegemea mikono ya mkandaji ambayo leo ina nguvu na kesho imechoka. Miongoni mwa mashine zake zilikuwamo za kumtikisa mtu. Alizipeleka katika maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, na baada ya hapo taasisi za namna hiyo zilienea katika miji mingi ya Ulaya na Marekani. Huko Battle Creek, katika jimbo la Michigan, daktari John Harvey Kellogg aliweka viti na majukwaa ya kutikisa katika kituo chake mashuhuri cha tiba, ambako matajiri walikwenda kutafuta afya ya tumbo na usingizi. Hata meli ya Titanic, ilipong'oa nanga mwaka 1912, ilikuwa na ukumbi wa mazoezi wenye farasi wa umeme na ngamia wa umeme, ili abiria wa daraja la kwanza wapate kurushwarushwa katikati ya bahari. Baadaye ukaja mkanda wa kutikisa kiuno, ambao katikati ya karne ya 20 uliuzwa sana Marekani kwa ahadi kwamba utayeyusha mafuta ya mwili. Mafuta hayakuyeyuka. Mwili hutumia mafuta pale unapofanya kazi wenyewe, na anayetikiswa na mkanda kazi yake kubwa ni kusimama.

Na kile kiti cha Charcot? Kilisubiri zaidi ya karne moja kupata mtihani wa haki. Mwaka 2012 watafiti wa Chicago walichapisha matokeo ya jaribio lao. Wagonjwa wa Parkinson waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliketi katika kiti kinachotetemeka. Kundi la pili liliketi katika kiti cha namna hiyo hiyo bila ya mtetemo wenyewe. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ya waliotetemeshwa haikuishinda ya wale ambao hawakutetemeshwa. Msomaji asidharau matokeo hayo. Wagonjwa wa Charcot walisema kweli walipodai kuwa wamepata nafuu. Lililokosekana ni uthibitisho kwamba nafuu ile ililetwa na mtikiso. Huenda ilikuwa kule kupumzika, au kule kupata mtu wa kuwashughulikia. Mwalimu yeyote aliyewahi kumwona mtoto akianza kusoma vizuri mara tu alipohamishiwa dawati la mbele anaelewa ninachosema: dawati halikumfundisha, lakini mtu alimwona.

Sasa tuje kwenye ukoo wa pili. Wakati wenye fedha walipokuwa wakilipia kutikiswa, walikuwapo watu wengine waliokuwa wakilipwa ili watikisike. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine za kuchonga na kuchoronga mawe kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa ziliingia machimboni. Mwaka 1911 daktari Giovanni Loriga wa Italia alieleza madhara aliyoyaona katika mikono ya wafanyakazi wa mawe wanaotumia zana hizo. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton wa Marekani alikwenda Bedford, katika jimbo la Indiana, kuwachunguza wachongaji wa mawe ya chokaa. Aliwakuta wanaume wazima, wenye nguvu, ambao asubuhi ya baridi vidole vyao vilipauka vikawa vyeupe, vikafa ganzi, wakashindwa kufunga hata vifungo vya nguo. Mkono ulioathirika zaidi ulikuwa ule unaoshika patasi. Damu ilikuwa haifiki vizuri vidoleni, kwa sababu mishipa midogo ilikuwa imejeruhiwa na mtikiso wa kila siku. Hapana aliyewaahidi wanaume wale afya; waliahidiwa ujira. Nchini Uingereza ilikuwa mwaka 1985 ndipo maradhi hayo ya vidole yalipoingizwa katika orodha ya maradhi ya kazi yanayostahili fidia, yaani miaka 67 baada ya safari ya Hamilton.

Mikono ilipokwisha kueleweka, ikaja zamu ya mgongo. Madereva wa malori na matrekta, na waendeshaji wa mitambo ya kuchimbia, walilalamika kwa maumivu ya kiuno kuliko watu wa kazi nyingine. Sisi tuliopanda malori katika barabara zetu za vumbi, zenye mikunjo kama ubao wa kufulia, hatukuhitaji daktari wa kutuambia. Lakini wataalamu walieleza sababu, na inafaa kuijua. Mtoto akiwa kwenye pembea, ukimsukuma ovyo ovyo hafiki mbali. Ukimsukuma kwa kufuatisha mwendo wa pembea yenyewe, hata kidole kimoja kitamrusha juu. Kila kitu kinachoning'inia au kinachonepa kina mwendo wake wa asili. Mwili wa mtu aliyeketi, pamoja na uti wake wa mgongo, huitikia zaidi mtikiso wa kati ya mara 4 na 8 hivi kwa sekunde, na hiyo ndiyo mitikiso ambayo viti vya magari makubwa hutoa kwa wingi. Basi lori humsukuma dereva kwa kufuatisha pembea yake, saa nane kwa siku, miaka 30.

Kutokana na mateso ya watu hao vilipatikana vipimo. Mwaka 1974 shirika la kimataifa la viwango lilitoa kanuni yake ya kwanza ya namna ya kupima mtikiso unaoupata mwili mzima. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliweka sheria yenye hatua mbili kwa siku ya kazi ya saa nane: mtikiso ukifika nusu mita kwa sekunde kwa sekunde, mwajiri ni lazima achukue hatua za kuupunguza, ukifika mita 1.15, hapana ruhusa ya kupita hapo. Zingatia, msomaji, kwamba sheria hiyo haikuuliza kama mtikiso ni mzuri au mbaya. Iliuliza ni mkubwa kiasi gani, na ni kwa muda gani.

Turudi kwa matabibu, maana wao hawakulala. Wanaanga wakikaa angani, ambako mwili hauna uzito, hupoteza kiasi cha asilimia 1 au zaidi ya uzito wa mifupa ya nyonga kwa kila mwezi. Mfupa usiobebeshwa mzigo hujipunguza, kama shamba lisilolimwa linavyorudi porini. Wataalamu wakajiuliza: je, mtikiso mdogo waweza kuudanganya mfupa udhani kwamba unabeba mzigo? Katika Muungano wa Kisovieti miaka ya 1980, Vladimir Nazarov alikuwa akitumia mitetemo katika kuwafundisha wanariadha. Miaka ya 1990 Mwitalia Carmelo Bosco alipima nguvu za misuli ya wanamichezo baada ya kutetemeshwa. Kisha mwaka 2001 Clinton Rubin na wenzake wa Marekani walichapisha habari za kondoo waliosimamishwa juu ya bamba la mtetemo hafifu kwa dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Ndani ya mfupa wa paja, sehemu ile yenye matundu kama sifongo, uzito uliongezeka kwa asilimia 34. Habari hiyo ilienea haraka, na baada ya miaka michache mabamba yalijaa madukani.

Lakini kondoo si bibi kizee. Mwaka 2011 watafiti wa Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya wanawake 202 waliokwisha kukoma hedhi, ambao baadhi yao walisimama juu ya bamba hafifu dakika 20 kila siku kwa mwaka mmoja. Mifupa yao haikutofautiana na ya wale ambao hawakusimama. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya wazee 174 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Nayo yakasema vivyo hivyo juu ya mifupa. Hata hivyo, mwaka 2014 watafiti wa Hong Kong walieleza habari za wanawake 710 waliofuatiliwa kwa miezi 18. Mifupa yao nayo haikuongezeka, lakini waliotumia bamba walikuwa na misuli ya miguu yenye nguvu zaidi, na asilimia 18.6 kati yao waliripoti kuanguka au kuvunjika, dhidi ya asilimia 28.7 ya wale wasiolitumia. Kwa mzee, kutoanguka ni jambo kubwa. Kwa hiyo haki itendeke: bamba si ulaghai mtupu. Lina faida yake ndogo, kwa watu waliochaguliwa, kwa kipimo kilichosimamiwa.

Neno kipimo ndilo lenye uzito. Majaribio hayo makubwa yalifanywa kwa mabamba hafifu, ambayo nguvu yake ni theluthi moja hivi ya nguvu ya mvutano wa dunia. Mtumiaji aliyesimama juu yake husikia mlio kuliko mtikiso. Mashine nyingi za madukani ni kitu kingine kabisa. Chukua mashine inayotikisika mara 30 kwa sekunde, na bamba lake linapanda milimita 2 kutoka katikati na kushuka milimita 2. Nguvu ya mtikiso hupatikana kwa kuzidisha mara mbili ya 22 ya 7 kwa idadi ya mitikiso, jibu ukalizidisha kwa lenyewe, kisha ukazidisha kwa ule mwendo wa milimita 2 ulioandikwa kwa mita. Utapata karibu mita 71 kwa sekunde kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 7 ya mvutano wa dunia. Hiyo ni zaidi ya mara 20 ya bamba la wazee wa Toronto. Na kwa kuwa idadi ya mitikiso inazidishwa kwa yenyewe, ukiipandisha maradufu nguvu hupanda mara nne.

Sisemi kwamba namba hiyo yaweza kuwekwa sawa kwa sawa na ile 1.15 ya sheria ya Ulaya. Sheria hupima kwa wastani wa saa nane, na mtu wa mazoezi hukaa dakika chache. Sheria pia huupa mtikiso wa polepole uzito mkubwa kuliko wa haraka. Tena magoti yaliyokunjwa kidogo humeza sehemu kubwa ya mtikiso kabla haujafika kichwani. Pamoja na hayo yote, watafiti waliopima baadhi ya mashine hizo mwaka 2013 walikuta zenye nguvu zinavuka mipaka ya usalama hata kwa matumizi ya muda mfupi. Duka linalokuonyesha utafiti wa bamba hafifu kisha likakuuzia bamba kali limefanya kama mfamasia anayekusomea faida za kijiko kimoja na kukupa chupa nzima uimalize.

Jambo hili liliingia nyumbani mwangu, ndiyo maana nikajishughulisha kulichimbua. Mke wangu alijikwaa kwenye zulia, akaweka mkono chini kujizuia, kifundo cha mkono kikavunjika. Anguko lilikuwa dogo, na daktari akaeleza kwamba mifupa yake imepungua uimara, kama inavyowatokea wanawake wengi baada ya kukoma hedhi. Binti yetu, kwa mapenzi ya mtoto kwa mama yake, akatuletea fedha za kununulia mashine ya mtetemo. Mkono ulipokwisha kuunga, mke wangu aliniuliza: "Mwalimu, wewe unayeshinda na vitabu, nipande nisipande?"

Nikamwambia, "Mama, mashine haitujibu. Twende ukaulizwe wewe kwanza."

Daktari hakuuliza habari ya mashine hata kidogo. Alimwuliza kama amewahi kuvimba mguu mmoja ghafla. Alimwuliza juu ya moyo, juu ya macho, juu ya kizunguzungu, juu ya maumivu ya ubavuni. Hapo penye ubavu mke wangu alinitazama. Kwa miezi alikuwa akipata kichomi cha upande wa kushoto, akakificha kwa vidonge vya maumivu ili nisihangaike. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha jiwe katika figo. Shauri likaisha papo hapo, kwa kuwa jiwe lililotulia laweza kusukumwa na mtikiso likaziba njia ya mkojo. Fedha za binti yetu zilinunua vishikio vya bafuni na viatu visivyoteleza, zikamlipa mtaalamu wa fiziotherapia aliyemfundisha mazoezi ya kuinuka kitini bila kushika na kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza. Zulia tuliliondoa. Tangu siku hiyo hadi ninapoandika haya hajaanguka tena. Kama asingekuwa na jiwe, na daktari akaridhia bamba hafifu chini ya usimamizi, nisingemzuia.

Nimejifunza kwamba maswali ya daktari yule yana mantiki, na kila moja linaweza kuelezwa kwa lugha ya kawaida. Kitu kilichoganda, kilichoshonwa, kilichopandikizwa au kilicholegea ndani ya mwili kinaweza kung'oka kikitikiswa. Damu iliyoganda mguuni yaweza kusafiri hadi mapafuni na kuua. Jiwe la figo au la nyongo laweza kuhama. Pazia la nyuma ya jicho lililoanza kubanduka laweza kubanduka lote, na mtu aliyetoka kupasuliwa jicho kwa ajili ya mtoto wa jicho naye angoje hadi mpasuaji wake amruhusu. Mfupa uliovunjika karibuni, mshono ambao haujakauka, ngiri, pingili ya mgongo iliyovunjika, diski ya mgongo iliyotoka mahali pake na kubana mshipa, nyonga au goti la bandia, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo: wenye mambo haya wasipande mpaka daktari anayewatibu awe amesema neno. Mjamzito asipande. Mwenye kifafa na mwenye saratani iliyoingia mifupani wasipande kwa hiari yao. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi yuko katika hatari ya namna ya pekee, kwani ngozi yaweza kuchubuka na yeye asisikie, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari si mchezo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Katika majaribio mengi watu wa namna hiyo waliondolewa tangu mwanzo, kwa usalama wao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mashine yake imejaribiwa na haikudhuru, muulize imejaribiwa kwa nani. Ukiwa una moyo mgonjwa, majaribio ya wenye moyo mzima hayakukusemea.

Kwa yule ambaye daktari amemruhusu, matumizi ya busara ni machache na rahisi. Aanze na nguvu ndogo kabisa ya mashine. Asimame magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, asiyakaze, kwa sababu mguu uliokazwa huupeleka mtikiso moja kwa moja mgongoni na kichwani. Asiketi juu ya bamba, wala asilaze kichwa hapo. Ashike vishikio. Atikiswe kwa nusu dakika au dakika moja, apumzike, arudie mara chache, na asiongeze nguvu na muda kwa siku moja. Siku za mwanzo awe na mtu karibu, maana wengine hupata kizunguzungu wanaposhuka. Akiona vimulimuli machoni, au maumivu mapya, au kichwa kinagonga, au mkojo una damu, aache na aende hospitali. Watoto wasiachiwe mashine kuwa pembea. Na mwenye jeraha la zamani la goti au mgongo asichukulie kule kufa ganzi kwa maumivu baada ya mtikiso kuwa ni kupona. Mtikiso waweza kuyatuliza maumivu kwa kitambo huku jeraha likiwa pale pale.

Nikizitazama koo hizi mbili, naona kwamba Charcot na Alice Hamilton walifanya kazi ya namna moja. Kila mmoja aliwasikiliza watu waliotikiswa. Mmoja alisikia nafuu, mwingine alisikia ganzi, na hapana hata mmoja aliyewaambia watu wake kwamba wamekosea juu ya miili yao. Vipimo tulivyo navyo leo, hizo mita kwa sekunde na hayo masaa, vilipatikana kwa vidole vya wachongaji wa mawe na viuno vya madereva ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa mazoezi. Karatasi ya tahadhari inayotoka ndani ya sanduku la mashine, ile ambayo watu huitupa pamoja na maboksi, imebeba jasho lao. Isomwe kabla ya mashine kuchomekwa kwenye umeme. Na mahali ambapo pana mashine lakini hapana mtu wa kukuuliza habari za moyo, figo, macho na mifupa yako, wewe mwenye maradhi usipande.